Chupa Aliyoifuata Shemeji

Maabara, Jumatano

Kwako Dada yangu mpenzi,

Nabisha hodi kwa maandishi, na najua utashtuka, maana tangu simu iingie kwenye familia yetu hakuna aliyemwandikia mwenzake barua isipokuwa ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni. Pokea salamu zangu zote, nzito na nyepesi. Mkono wa kushoto unaendeleaje, bado unakufa ganzi ukishona kwa muda mrefu? Na cherehani, kile kikanyagio chake kilichokuwa kinalia kama paka, Shemeji ameshakitia mafuta, au ndiyo yale yale ya fundi wa magari kutembea kwa miguu? Wasalimie wapwa zangu, hasa yule bingwa wa maswali. Mimi mwili hauna neno, nakula na natembea. Roho ndiyo haijakaa mahali pake, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Shemeji amefika salama. Yuko nje kwenye benchi na mlinzi wetu, ameshapewa chai, na nasikia wanabishana kuhusu mpira kana kwamba wao ndio makocha. Amenikabidhi shati ulilonishonea. Limenikaa vizuri sana, ila mabega umeyakata kwa ajili ya mtu mwenye mabega. Asante, Dada. Baada ya hapo akanipa ujumbe wako, kwamba chupa inakaribia kuisha, nikupe nyingine, na ikiwezekana iwe kubwa, kwa kuwa sasa mnakunywa wawili, wewe na yule mwalimu wa chekechea anayekaa nyuma ya nyumba yenu. Nimemwambia asubiri kidogo nikuandalie. Masikini, anadhani nachanganya dawa.

Kwenye simu nimejaribu nikashindwa. Ukipokea tu unaniita Profesa, unacheka, unaniuliza kama nimekula, na mimi nayeyuka. Halafu una tabia moja mbaya, nisamehe kwa kusema hivyo: unasamehe kabla mtu hajamaliza kukosa. Unakumbuka nilivyokuwa nikilowesha kitanda? Ulikuwa ukiamka kabla ya Mama, unanibadilisha nguo, unageuza godoro, unatandika shuka juu yake na kuketi hapo ukijichana nywele, huna habari. Mama alifariki akiamini kwamba kitinda mimba wake aliacha kukojoa kitandani mapema kuliko watoto wote wa mtaa. Wewe peke yako ndiye uliyeniita Kikojozi, tena kwa kunong'ona, tukiwa wawili tu. Mbele za watu ukanitetea kama wakili. Leo sitaki wakili, kwa hiyo naandika, maana barua huwezi kuikatiza.

Kwanza nikueleze upya kazi yangu, kwa sababu siku ile mezani kwako niliieleza kama muuza dawa za panya stendi. Tunaletewa maganda ya kamba, wale wa baharini, kutoka kiwanda kinachowamenya na kuwagandisha. Yanakuja kwa magunia, na harufu yake usiniulize. Mbwa wa mlinzi siku hizi ananifuata mimi kuliko anavyomfuata anayemlisha. Ndani ya maganda hayo kuna rangi, ile nyekundu inayojitokeza kamba akichemshwa. Ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti, ya boga na ya nyanya, na wataalamu wanauita ukoo huo karotenoidi. Bahari imejaa ndugu zake: wamo kwenye mwani, kwenye viumbe wenye magamba, hata kwenye vijidudu ambavyo jicho halivioni. Watu wengi wenye akili zao wanazichunguza rangi hizi kuona kama zinaweza kuzizuia seli za saratani zisiendelee kuzaana. Kazi hiyo ni ya kweli na ina matumaini yake. Naomba usije ukaitukana kwa ajili yangu.

Maganda tunayakausha gizani, maana rangi hii ikipigwa na jua inaharibika. Tunayasaga, tunayaloweka kwenye spiriti, tunachuja, kisha tunaiacha spiriti iende zake. Kinachobaki ni kitu kizito chekundu kama rangi ya kucha, na kwenye maji hakiyeyuki hata ukikibembeleza. Kwa hiyo tunakiyeyusha ndani ya dawa nyingine kali, sisi tunaiita kiyeyushi, na tone la mchanganyiko huo ndilo tunalolitia kwenye visahani tunamofuga seli za saratani. Ndiyo, tunazifuga. Tunazilisha, tunazitunza kwenye joto, tunazichungulia asubuhi kama vifaranga. Lishike hilo neno kiyeyushi, Dada, nitalirudia.

Mkuu wetu wa maabara ni daktari mmoja mwanamke, si wa kutibu, wa utafiti. Sisi tunamwita Mama Mizani kwa sababu anapima kila kitu, hata sukari ya chai yake anaipima, na ukimletea taarifa yenye neno zuri kuliko namba anakurudishia. Alikuwa amesafiri kikazi kwa muda mrefu, akaniachia nijaribu rangi yetu kwenye seli kwa mara ya kwanza. Nikajaribu. Kisahani cha kulia kilichotiwa rangi, seli zake zote zilikufa. Cha kushoto, cha kulinganishia, ambacho hakikutiwa rangi, seli zilijaa kama mchele uliomwagwa sakafuni. Nikapiga picha. Haki ya nani nilicheza peke yangu kati ya meza na jokofu, na mguu nikaugonga.

Jumapili iliyofuata ndiyo nilikuja kwenu. Ulikuwa umetoka kwenye dripu ya dawa za saratani juzi yake, umejilaza kwenye kochi, kilemba kichwani na beseni pembeni, na Shemeji ndiye aliyepakua, chumvi akasahau. Nilitaka kukuchangamsha, hilo ni kweli. Lakini nilitaka na kitu kingine, na aibu yangu inaanzia hapa: nilitaka na mimi niwe mkubwa mezani kwako, japo siku moja. Miaka yote mnanitania kwamba nimesomea takataka za samaki. Basi nikatoa simu, nikaonyesha picha, nikasema kushoto saratani, kulia saratani baada ya kuonja dawa yetu. Nikaiita dawa. Shemeji akapiga mluzi. Bingwa wa maswali akauliza kama seli zikifa huwa zinazikwa, tukacheka sote. Wewe hukucheka. Uliniomba simu, ukaivuta ile picha kwa vidole viwili, ukaitazama, ukanirudishia, ukaiomba tena. Kabla sijaondoka ukataka nikutumie. Nilipokuja safari ya pili nikaikuta ndiyo picha ya kwanza mtu anayoiona ukiwasha simu yako, mahali palipokuwa na sura za wanao.

Dada, kichwa kilinivimba. Ulipoomba uonje matone ya dawa hiyo, nilipaswa kusema hapana, na ningeisema kama ungekuwa mtu baki. Nilichukua rangi ya maabara bila ruhusa ya yeyote, nikaichanganya na mafuta ya kupikia ya jikoni kwangu, nikaitia kwenye chupa ya kahawia, nikaizungushia karatasi ya fedha isipigwe na mwanga, nikakuletea kama bwana harusi. Nikajiambia ni rangi tu, watu wanakula kamba kila siku na hawafi. Ndani ya chupa hiyo hakuna sumu ninayoijua. Dawa pia hakuna. Kuna mafuta ya kupikia na aibu ya mdogo wako.

Halafu ukanipigia kuniambia kwamba unapumzika kidogo na dripu. Ukasema mwili urudishe nguvu, matone yaendelee na kazi, hospitali utarudi ukijisikia. Mimi nilikuwa nakula mkate. Sikukwambia uache hospitali, na sentensi hiyo nimeikumbatia kila siku kama mto wa kulalia. Lakini sikukwambia usiache. Nilimeza tonge langu la mkate nikasema sawa Dada, pumzika. Nywele zako zikaota, hamu ya chakula ikarudi, ukaanza kupokea nguo za wateja, na mtaa mzima ukasema dawa ya Profesa inafanya kazi. Kumbe ulikuwa ni mwili tu unavuta pumzi baada ya kupumzishwa na dripu. Ugonjwa haukupumzika.

Mama Mizani akarudi. Sikusubiri hata aweke mkoba chini, nikampelekea picha yangu. Yeye hakupiga mluzi. Aliitazama, akavua miwani, akaniuliza kisahani cha kiyeyushi kitupu kiko wapi. Dada, swali lile lina jibu moja tu: hakikuwepo. Kisahani cha kulinganishia kilitakiwa kitiwe kiyeyushi kile kile, kwa kiasi kile kile, ila bila rangi. Mimi nilikitia maji. Kabla ya hapo tulikuwa tukifanyia kazi sukari ya mwani, ambayo inayeyuka kwenye maji, na kwa sukari maji ndiyo mwenzake wa haki. Nikachukua mpango wa sukari nikaufanyia rangi bila kufikiri, kwa pupa ya kutaka kuona. Na kiyeyushi chenyewe nilikizidisha ili rangi ikubali kuyeyuka.

Tukarudia kazi yote, safari hii kwa mizani ya Mama Mizani. Kisahani cha kiyeyushi kitupu, kisicho na hata chembe ya rangi, seli zilikufa zote. Na tulipopunguza kiyeyushi hadi kiasi kinachokubalika, rangi yetu haikufanya la maana. Seli zilikula zikanenepa kama wageni wa harusini. Nikuelezee kwa lugha ya jikoni. Ni kama mimi nimemkaangia mtu yai kwa petroli, amekula amekufa, halafu nimekuja mezani kwako nikajipiga kifua kwamba mayai yangu yana nguvu. Huenda rangi ile ina kitu, huenda haina, watakaopima vizuri ndio watakaosema. Na hata ingekuwa nacho, kisahani si mtu. Kisahani hakina ini wala tumbo, hakina wateja wanaodai magauni, hakina watoto.

Ona, nimeshaliandika lile huenda, neno nililokatazwa. Nitakuja kukueleza.

Hapa ningependa niweke nukta na kukuaga, Dada, kwa sababu kukosea kazini si ajabu, kila fundi amewahi kukata kitambaa vibaya. Kama ningekosea tu, nisingeandika barua ndefu hivi. Kilichobaki ni hiki.

Unaikumbuka siku uliyonipigia kuhusu kwapa? Ulisema umepapasa ukakuta kitu kigumu, kidogo, kama punje ya mahindi. Ukacheka. Ukasema dawa inavuta uchafu nje, ndivyo ulivyomwambia na mwalimu wa chekechea. Halafu ukaniuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako kama kweli ndivyo inavyofanya kazi.

Nikakujibu huenda.

Nilikuwa nimesimama hapa hapa ninapoandikia, karibu na sinki. Visahani vya marudio vilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeshaviona, Dada. Nilijua. Nilijua tangu wiki iliyotangulia kwamba kilichoua seli ni kiyeyushi, nilijua chupa yako ni mafuta ya kupikia, na nilijua kitu kigumu kwapani kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa titi si uchafu unaovutwa nje. Kwenye kazi yetu neno huenda ni neno la heshima, linamaanisha bado tunapima. Mimi nililifanya mlango wa nyuma nikatorokea hapo. Uliniuliza kuhusu uhai wako, nami nikalinda jina la Profesa. Ulisema haya, asante mdogo wangu, ukakata simu, na nina hakika ulikwenda kushona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiona mchafu hata baada ya kuoga, na safari hii si harufu ya kamba.

Asubuhi ya leo, Shemeji alipotaja kwamba mwalimu wa chekechea naye anakunywa, nilimuuliza hospitali walimwambia nini. Akasema hajaenda kabisa, ana uvimbe na anaogopa kisu, amesema kwa nini akatwe wakati matone yapo. Nilimwacha Shemeji kwenye benchi nikaenda moja kwa moja kwa Mama Mizani, nikamweleza yote, rangi niliyoiba, chupa, wewe, kwapa, mwalimu. Nilidhani atanifukuza palepale. Aliuliza jambo moja tu, umekosa dripu ngapi. Nilipomjibu alifumba macho. Kisha akasema suala la kazi yangu litaamuliwa na wakubwa, hilo si la leo. La leo ni kukaa chini nikuandikie, na akanionya nikikuandikia habari ya mwili wako nisitumie neno huenda popote.

Basi sikiliza, na hapa hakuna huenda. Hiyo chupa imwage. Nimempigia simu yule sista wa kliniki, anakukumbuka vizuri, amesema ni yule fundi aliyempima nguo kwa macho akiwa amelala kitandani. Anasema uende Jumatatu na kadi yako, hakuna atakayekugombeza, wataangalia kwapa kwanza na daktari atapanga upya. Nilimuuliza kama tumechelewa. Hakuniahidi kitu, na mimi sikuahidi kitu, nimekwishakuahidi vya kutosha. Nitakuwa pale getini kabla hawajafungua. Kama hutaki kuniona nitakaa mbali, lakini nitakuwepo. Beseni nitabeba mimi.

Na sasa ombi langu, ambalo ni gumu kuliko yote. Nakujua. Ukimaliza kusoma utalia kidogo, utafuta uso, halafu utaanza kunificha. Shemeji utamwambia matone yamekwisha kiwandani. Mwalimu wa chekechea utamwambia dawa imebadilishwa, aende hospitali wakati tunasubiri nyingine. Wanao utawaambia mjomba ana kazi nyingi. Watu wataendelea kuniita Profesa, na yule mwalimu ataendelea kusubiri chupa nyingine badala ya daktari, kwa sababu uongo mzuri hauishi nguvu haraka. Dada, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya sote, mwite leo hii umsomee barua hii, yote, kwa sauti. Msomee yai la petroli acheke. Msomee na ile huenda, usiiruke, na umwambie aliyeisema ni mdogo wako wa tumbo moja. Halafu uende naye Jumatatu.

Umenifichia kila aibu tangu nikiwa sijui kufunga vifungo, na huenda, nisamehe, hapana, kwa hakika hiyo ndiyo iliyonifanya niwe hivi nilivyo, mtu anayedhani kila asubuhi kuna atakayeamka kabla yake. Sikulaumu. Nakuomba tu.

Godoro hili usiligeuze.

Mnisalimie wote waliomo humo ndani, wakubwa na wadogo. Sasa naenda kumpa Shemeji bahasha hii mkononi, na nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba chupa haipo na kwa nini haipo, ili asije akakufikia akitabasamu. Chai yake imeshaisha na mpira wameshamaliza kubishana. Namwona dirishani, ameshika chupa kubwa tupu aliyokuja nayo kwa ajili ya dawa mpya, ameisafisha hadi inang'aa.

Ni mimi mdogo wako,

Kikojozi.